Usiache Sigara Peke Yako: Mwongozo wa Kuacha Ukiwa na Watu

Nilivuta sigara miaka 17. Katika miaka hiyo niliacha mara nne. Mara tatu za kwanza niliacha kimya kimya, nikarudi kimya kimya. Mara ya nne niliwaambia watu tisa kabla ya siku yenyewe, nikampa kila mmoja kazi yake, na hiyo ndiyo iliyoshika. Sasa ni mwaka wa sita.

Mimi ni fundi seremala, Ngamiani, Tanga. Nimeuandika mwongozo huu kwa anayetaka kuacha, na pia kwa mke, mume, ndugu au rafiki anayemtazama mtu wake akikohoa na hajui amsaidie vipi. Mengi yaliyomo nimeyapitia. Mengine nimeelezwa na wahudumu wa afya, au nimeyasoma baadaye nilipotaka kujua kwa nini mara ya nne ilikuwa tofauti.

Zile mara tatu nilificha kwa ajili ya aibu. Niliona kwamba nikishindwa na hakuna aliyejua kuwa nimejaribu, basi sijashindwa. Siri hiyo ilinigharimu. Wenzangu karakanani waliendelea kunipa sigara kwa ukarimu wao wa kawaida. Mwenye duka aliendelea kunitolea pakiti kabla sijafungua mdomo. Mke wangu aliona nimekuwa mkali nyumbani akaudhika, naye ana haki, maana hakuna aliyemwambia nina nini. Watu wanaonipenda niliwageuza kikwazo na wao hawajui.

Na hata kuanza hatukuanza peke yetu. Sigara yangu ya kwanza sikuinunua, nilipewa na mkubwa wangu kazini tukiwa tumekaa juu ya magogo. Mwaka 2008 Wamarekani wawili, Nicholas Christakis na James Fowler, walichapisha uchunguzi wao uliotokana na kumbukumbu za afya za wakazi wa mji wa Framingham, Massachusetts, Marekani: watu 12,067 waliofuatiliwa pamoja na ndugu na marafiki zao kuanzia 1971 hadi 2003. Waliona kwamba watu waliacha kwa makundi. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuwa mvutaji ulishuka kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, ulishuka kwa asilimia 36, na ndugu wa tumbo moja kwa asilimia 25. Niliposoma hayo nikakumbuka magogo yale.

Hatua ya 1: Andika unavuta na nani

Tafuta daftari dogo. Kwa siku tatu andika kila sigara: saa ngapi, wapi, na nani. Wengi huandika saa na mahali wakaishia hapo, kumbe yenye faida ni hiyo ya tatu.

Mimi nilikuwa navuta kati ya 12 na 15 kwa siku. Daftari lilionyesha kwamba nne au tano tu ndizo nilizovuta nikiwa peke yangu. Zilizobaki zote zilikuwa na mtu: moja tukimaliza kushusha mbao, mbili na vijana baada ya chakula cha mchana, moja kila shemeji alipopita, tatu kwenye kijiwe cha kahawa jioni. Majina hayo ndiyo yatakayokuwa orodha yako ya watu wa kuzungumza nao. Bila daftari ningewaambia mama na mke wangu pekee, ambao sikuwahi kuvuta nao hata siku moja.

Andika pia unakaa dakika ngapi tangu kuamka mpaka kuwasha ya kwanza. Ukiwasha ndani ya nusu saa, mwili wako umeizoea nikotini sana, na yafaa ufikirie dawa ambazo nitazieleza mbele. Nikotini hufika ubongoni sekunde 10 hadi 20 baada ya kuvuta moshi, na nusu yake hutoka damuni kwa muda wa kama saa mbili. Ndipo mikono inapoanza kutotulia na akili kutafuta kiberiti. Hali hiyo vijana wanaiita arosto, na ni mwili unaodai ulichouzoesha. Imani yako au malezi yako hayahusiki hapo, kwa hiyo usijihukumu nayo.

Hatua ya 2: Weka siku, kisha kata mara moja

Siku iwe ndani ya wiki mbili zijazo. Ikiwa mbali zaidi, moyo unapoa. Usiweke siku ya harusi, wala siku ya mshahara kama mshahara wako huwa unaambatana na baa.

Wengi huuliza kama ni bora kupunguza kidogo kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wavutaji 697, ambao baadhi waliacha kwa mkupuo na wengine walipunguza kwa wiki mbili kwanza. Wote walipewa dawa na ushauri. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya waliokata mara moja walikuwa bado hawajavuta. Kwa waliopunguza ilikuwa asilimia 39. Mimi pia nasema kata. Kupunguza kulinifanya niisubiri sigara ya saa kumi kama mtu anayesubiri mgeni.

Kwa sisi wa pwani, Ramadhani ni mlango mpana sana. Mvutaji anayefunga tayari anakaa saa 13 au zaidi kila siku bila sigara, na mtaa mzima unakaa naye. Mlango huo tunaufunga wenyewe magharibi: tende, kikombe cha uji, halafu sigara. Miaka mingi nilifuturu hivyo. Ukiamua kuacha katika mwezi huo, ulinzi wako wote uweke kwenye saa moja baada ya futari. Mwombe mtu mmoja asiyevuta afuturu nawe, mtoke pamoja, mkae pamoja mpaka Isha na tarawehe. Kisha ilinde Idd kuliko siku nyingine yoyote. Nimewaona rafiki zangu walioushinda mwezi mzima wakaangushwa Idd mosi, kwa sigara ya kupewa na mtu aliyewatakia heri. Mkristo anayetumia Kwaresma ana hatari hiyo hiyo siku ya Pasaka.

Karakana au ofisi inayotaka kuacha kwa pamoja inaweza kuichukua tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani. Tarehe inayojulikana na wote hurahisisha mazungumzo.

Hatua ya 3: Chagua watu, na kila mmoja mpe kazi yake

Hapa ndipo nakuomba usipite haraka.

Ukimwambia mtu "niombee, naacha sigara", atakuombea kweli, na hapo atakuwa amemaliza. Mtu anasaidia vizuri akijua afanye nini, saa ngapi. Kazi iwe ndogo, ya kutekelezeka, na uiseme wewe mwenyewe.

Mtu wa kwanza ni wa simu. Hamu ya sigara huja kama wimbi na mara nyingi hupita ndani ya dakika tano, ikizidi sana kumi. Unahitaji mtu wa kukuvusha hizo dakika. Wangu alikuwa kaka yangu anayeishi Korogwe. Makubaliano yetu yalikuwa haya: nikibipu, anapiga, saa yoyote. Si lazima tuzungumze sigara. Alinisimulia mahindi yake, watoto, mpira. Mara moja alinisomea bei za saruji dukani alikokuwa. Wiki ya kwanza nilibipu mara 23. Chagua mtu asiyechoka upesi na ambaye simu yake haizimwi, hata kama si rafiki yako mkubwa. Ukiweza, wawe wawili wapokezane.

Wa pili ni wa nyumbani. Kabla ya siku yenyewe mweleze hasa utakavyokuwa: hasira za ghafla, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoisha, kichwa kuuma, pengine choo kigumu, pengine kikohozi kuzidi kwa muda. Mwambie kwamba makali yako katika siku mbili tatu za kwanza na mengi hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Mke wangu aliyaandika haya nyuma ya kalenda ya ukutani. Nilipopandisha sauti siku ya pili kwa sababu ya ndoo iliyowekwa vibaya, alitazama kalenda, akaniambia, "Baba, leo ni siku ya pili. Nenda kaoge." Nikaenda kuoga.

Wa tatu ni wale mnaovuta pamoja, na hawa ndio wagumu. Usiwaombe waache. Ukiwaomba hivyo watajitetea, na mazungumzo yatakuwa yao badala ya yako. Waombe mambo matatu tu: wasikupe hata ukiomba, wasikutanie kwa wiki mbili, na wakitaka kuwasha wakavutie nje ya mlango. Nilikuwa na mafundi wanne. Watatu walikubali palepale. Wa nne alisema hawezi kuahidi kutotania, nikamshukuru kwa ukweli wake na nikawa naihamisha benchi yangu upande wa pili wa karakana. Miezi mitatu baadaye ndiye aliyekuja kuniuliza bigijii ile ya nikotini inauzwa wapi.

Wa nne ni mwenye duka. Watu hushangaa nikisema hivi, lakini duka linalokuuzia sigara moja moja, na kiberiti kinaning'inia kwa kamba pale dirishani, lina nguvu kuliko karakana nzima. Nenda mchana ambapo hana wateja, mwambie: "Mangi, kuanzia Ijumaa usiniuzie sigara, hata nikikasirika." Wangu alicheka, kisha akashika neno. Siku ya sita nilifika na noti mkononi. Akanipa maji baridi, akanirudishia chenji, hatukusemezana.

Muuza kahawa wa jioni naye mhesabu hapo. Nilimwomba aniwekee kiti upande wa wazee wanaocheza bao, ambao hawavuti.

Wa tano ni mtu wa fedha. Piga hesabu. Kama ni sigara 10 kwa siku na kila moja shilingi 200, ni shilingi 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi, 730,000 kwa mwaka. Fedha hizo zikibaki mfukoni zitarudi dukani. Wengine hutumia kibubu. Mimi mama alinishauri niingie mchezo: watu kumi, kila mmoja 2,000 kila siku, na kila siku mmoja anapokea 20,000. Ukiwa kwenye mchezo, ile 2,000 imeshakuwa ya mtu, na yupo anayeisubiri saa kumi na mbili jioni. Huwezi kuila. Zamu yangu ya kwanza nilinunua msasa na viatu vya mtoto, na viatu vile nilivitazama kila siku.

Ukibahatika, ongeza wa sita: mtu anayeacha siku ile ile na wewe. Awe mtu wa maisha kama yako, mnayeweza kuambizana ukweli. Kubalianeni mapema kwamba mmoja akiteleza, mwingine hatelezi kumliwaza.

Ujumbe niliowatumia wote ulikuwa mfupi, unaweza kuuchukua ulivyo:

"Assalaam alaykum. Kuanzia Ijumaa hii siwashi tena sigara. Nimejaribu kabla nikashindwa kwa sababu nilificha. Safari hii nakuomba jambo moja: ________. Nikiwa mkali wiki hii nisamehe mapema. Usiniulize kama nimevuta, niulize siku yangu imekwendaje."

Wapo wasiopaswa kuambiwa kabla: yule atakayekuwekea dau kwamba huwezi, na yule atakayelipeleka jambo kwenye kundi la ukoo watu mia mbili wapate cha kuzungumza.

Kwa dada zetu jambo ni zito zaidi. Wako wanawake wengi wanaovuta chooni na kutafuna karafuu kabla ya kutoka, kwa sababu mtaani mwanamke anayevuta hutajwa vibaya. Kwake kuwaambia watu tisa kunaweza kumletea madhara makubwa kuliko msaada. Kama ni wewe, mtu mmoja anatosha: shoga anayejua kutunza siri, dada yako, au muuguzi kwenye kituo ambacho si cha mtaani kwako. Mpe huyo mmoja kazi ya simu na kazi ya fedha. Yanayobaki utayabeba kwa dawa na mpangilio, na sikuoni kuwa umeacha kwa namna pungufu.

Hatua ya 4: Ongea na mhudumu wa afya

Anayeacha kwa nguvu zake tupu, bila dawa wala ushauri, mara nyingi hurudi. Msaada wa mtaalamu na dawa huongeza nafasi ya kufanikiwa zaidi ya mara mbili. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za nikotini mbadala, yaani zinazoupa mwili nikotini kidogo bila moshi, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza dawa mbili zisizo na nikotini, bupropion na varenicline. Hizi mbili za mwisho ni za kuandikiwa na daktari.

Za nikotini zinazojulikana ni bigijii (Kenya wanaziita chingamu) na vibandiko vya ngozini. Hazipatikani kila duka la dawa. Ulizia maduka makubwa ya mjini, na anza kuulizia mapema kabla ya siku yako. Bigijii zipo za miligramu 2 na 4, na ya 4 humfaa anayewasha ndani ya nusu saa tangu kuamka. Usiitafune kama peremende. Itafune taratibu mpaka usikie ukali, ibane kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha tafuna tena, hivyo hivyo kwa kama nusu saa. Ukiimeza mate yake kwa haraka utapata kwikwi na kiungulia, kisha utaitupa ukisema haifai. Usinywe kahawa au soda robo saa kabla yake. Kutumia kibandiko pamoja na bigijii husaidia zaidi kuliko kimoja peke yake. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na anayetumia dawa za kila siku waanze kwa daktari. Anayefunga na amuulize sheikh wake kuhusu matumizi ya mchana.

Kikohozi chako kikizidi wiki mbili, pima makohozi. Uvutaji huongeza hatari ya kifua kikuu, na mvutaji ndiye mtu wa mwisho kushuku kikohozi chake. Mimi nilipimwa, sikuwa nacho, lakini muuguzi aliyenipa majibu ndiye aliyenieleza haya ya bigijii, tena bila kunisema.

Kenya kuna namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bure, mchana na usiku. Tanzania unaweza kupiga 199 ya Wizara ya Afya, nayo bure, ukaulizia huduma iliyo karibu nawe.

Usihamie shisha wala ugoro ukidhani umeacha. Kwa shisha, kikao cha saa moja kinaweza kukupitishia moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Ugoro una nikotini ileile, pamoja na hatari ya saratani ya mdomo.

Hatua ya 5: Usiku wa kuamkia

Fua nguo zote zenye harufu, pamoja na koti la kazini. Toa kila kiberiti isipokuwa cha jikoni. Vunja zilizobaki na uzilowanishe maji, maana kipisi kilichotupwa kikiwa kikavu huokotwa. Tafuta na zile ulizozisahau: juu ya kabati, chini ya kiti cha pikipiki, kwenye kisanduku cha misumari. Fanya hivi mbele ya mtu wako wa nyumbani. Weka tayari karafuu, vipande vya mua, karanga, chupa ya maji.

Mimi sigara yangu ilikuwa inakaa nyuma ya sikio. Usiku ule mwanangu wa kike, akiwa na miaka saba, alinichongea penseli akaiweka pale. Bado ndipo inapokaa.

Hatua ya 6: Siku tatu za kwanza

Badilisha mpangilio wa asubuhi. Kama unavuta ukiwa umekaa barazani, amka utoke moja kwa moja. Oga kwanza, tembea, pita njia nyingine kwenda kazini.

Punguza kahawa na chai ya rangi kwa nusu. Hili sikulijua mara tatu za kwanza. Moshi wa sigara hulifanya ini liimalize kafeini haraka. Ukiacha, vikombe vilevile vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Unatetemeka, moyo unadunda, usingizi unapaa, unasema ni sigara inakusumbua kumbe ni kahawa. Kwa sababu hiyo hiyo baadhi ya dawa, zikiwamo za magonjwa ya akili na baadhi za pumu, huhitaji kupimwa upya, na mwenye kisukari anayechoma insulini aangalie sukari yake kwa makini. Mwambie daktari kwamba umeacha kuvuta.

Hamu ikija, fanya kwa mfululizo huu: simama ulipo utoke, kunywa maji, bipu. Usianze kubishana nayo kichwani. Hoja zake zote unazijua na zote zitakushinda ukiwa umechoka. Hesabu tu kwamba dakika zinapita. Kwa anayekunywa pombe au kula miraa, wiki hizi za mwanzo kaa mbali navyo kabisa. Ndivyo vinavyoamsha hamu kwa nguvu kuliko vyote.

Kwa wewe unayemsaidia

Sehemu hii mpe aisome.

Uliza "leo imekwendaje?" Usiulize "umevuta?" Swali la pili linamfanya mtu adanganye, na akishadanganya mara moja hatakubipu tena. Usimnuse nguo. Usiwatume watoto wampeleleze, na kama ulikuwa na desturi ya kuwatuma dukani kununua sigara, ikome leo.

Msifu kwa jambo dogo na la kweli. "Leo umekaa na wageni saa mbili hukutoka nje" linamfikia kuliko "hongera sana" ya kila siku. Akikasirika, mpe nafasi dakika kumi kisha rudi kama kawaida, lakini hasira haimpi ruhusa ya kutukana au kupiga; mwambie hivyo waziwazi. Usimkumbushe saratani. Anaijua. Aliisoma kwenye pakiti kila siku. Mpikie, maana atakula sana, na usimcheke akinenepa; kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza ni kawaida.

Kama wewe mwenyewe unavuta na hauko tayari kuacha, bado unaweza kumsaidia sana: vutia nje, mbali naye, na usiache pakiti mezani.

Hatua ya 7: Ukiteleza

Siku ya 19 mjomba wangu alifariki. Usiku wa matanga, nje kwenye mikeka, mtu alinipa sigara akinifariji, nami nikapokea. Nikavuta mbili. Zile mara tatu za mwanzo, hapa ndipo kila kitu kiliishia: nilisema basi imeshaharibika, asubuhi nikanunua pakiti.

Safari hii nilibipu. Kaka alikuwa pale pale msibani, upande wa wanaochemsha chai. Akaja akakaa, hakuuliza lolote kwa muda. Kisha akasema, "Siku 18 hukuvuta. Leo umevuta mbili. Sasa hivi unataka nini?" Nikasema nataka kulala. Akanitafutia mkeka ndani, mbali na wavutaji.

Kwa hiyo: mwambie mtu wako siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Toa zilizobaki mkononi mwako. Usianze kuhesabu upya kutoka sifuri, maana siku 18 zile ulizipata kweli. Andika ilikuwa wapi, na nani, saa ngapi, kama ulivyofanya hatua ya kwanza, halafu ongeza mtu mmoja wa kukulinda mahali hapo. Baada ya usiku ule nilimwomba binamu yangu akae nami katika kila msiba. Ukiwa umerudi kabisa, pumzika wiki, weka siku nyingine. Wengi walioacha moja kwa moja walijaribu mara kadhaa kabla.

Hatua ya 8: Miezi inayofuata

Watu wako watadhani umemaliza baada ya mwezi. Waombe waendelee mpaka miezi mitatu, kwa kazi nyepesi zaidi. Mtu wa simu apige yeye, kila Ijumaa.

Mwili nao unakwenda na ratiba yake. Mapigo ya moyo hushuka ndani ya dakika 20 tu. Ndani ya saa 12 hewa chafu ya kaboni monoksaidi hurudi kiwango cha kawaida damuni. Kati ya wiki 2 na 12 damu inatembea vizuri na mapafu yanapata nguvu; mimi niligundua siku niliyobeba mlango wa mninga hadi ghorofa ya pili bila kusimama njiani. Kikohozi na pumzi fupi hupungua kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa. Baada ya mwaka, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ni kama nusu ya ile ya anayevuta, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo ni kama nusu yake. Ibandike ratiba hii pale kwenye kalenda, na kila hatua ikifika wajulishe wale tisa. Wanastahili kujua kazi yao imefika wapi.

Mwaka ukitimia, pokea kazi ya simu ya mtu mwingine. Usikubali watu wawili kwa wakati mmoja, utachoka na utaanza kujibu kwa mkato. Weka sauti ya namba yake tofauti na nyingine zote, ili hata ukiwa kwenye mashine ya randa ujue ni yeye. Akibipu, zima mashine, piga, na uwe na la kusimulia la dakika tano.